Nesi Asiye na Kifua

Mtaa mzima ulimwita Redio, na kama unadhani jina hilo lilimkera, basi humjui. Alilipenda. Alikuwa nesi wa chumba namba tatu katika kituo cha afya, mama wa miaka hamsini na mmoja, mwenye mwili wa kutosha na viatu vyeupe alivyovisugua kila Jumapili kwa dawa ya meno. Sauti yake haikujua kunong'ona. Akikuuliza, "Tumbo limeanza kukuendesha lini?" benchi zima la nje lilipata habari, na wenye huruma walikupisha ili uwahi choo.

Tusimwonee, kazi aliijua. Sindano yake ulikuwa unashtukia imeshaingia na kutoka wakati wewe bado unasikiliza habari za jirani yako aliyefukuzwa na mkewe. Alizalisha, alishona vidonda, aliwafokea wagonjwa wa sukari wanaoficha soda, na mtoto mwenye homa akiwekwa mikononi mwake ungeona jinsi uso wake unavyobadilika. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuwa na kifua. Siri ikiingia kwake ilikuwa inapita njia tu. Kuna mwalimu wa sekondari ya jirani aliwahi kuja asubuhi kupima mkojo. Saa sita alipopita sokoni, muuza nyanya alimpongeza na kumwongezea nyanya mbili za mtoto, na maskini ya Mungu mwalimu majibu yake alikuwa hata hajayachukua.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya siri.

Kazi yenyewe ililetwa na daktari msichana, mwembamba, mwenye miwani, ambaye kituoni walimwita Daktari Mpya ingawa alikuwa na miaka miwili pale. Aliwakusanya wauguzi siku mbili katika chumba cha mikutano, chini ya feni iliyokuwa inazunguka kwa kujilazimisha. Akawaambia kuanzia sasa kila mtoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane atakayekuja kituoni, awe amekuja kwa kikohozi, kidonda au cheti cha michezo, ataulizwa habari za pombe. Ataulizwa peke yake, mzazi akiwa nje. Na maswali ni mawili. La kwanza, rafiki zako wanakunywa? La pili, na wewe je, mwaka huu umekunywa siku ngapi?

"Mnaanza na rafiki," alisema Daktari Mpya, "kwa sababu mtu ni rahisi kusema ya mwenzake kuliko yake."

Redio akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mnatulipa mshahara tufanye umbea?"

Chumba kizima kikacheka, na aliyecheka zaidi ni yeye mwenyewe. Miaka yote hiyo amesemwa vibaya, kumbe kipaji chake kilikuwa kinasubiri fomu.

"Umbea unatoka nje," Daktari Mpya akajibu kwa upole. "Huu hautoki."

Redio akaacha kucheka.

Wakafundishwa na yale mengine. Mtoto akisema anakunywa, usimhubirie, usimtishe na picha za maini. Mwulize anapenda nini maishani, mwulize pombe inamharibia nini, halafu mkubaliane jambo moja dogo analoliweza na siku ya kurudi. Ukinyamaza akawaza, mwache awaze. Dakika tano zinatosha.

"Dakika tano!" Redio alimnong'oneza jirani yake, na chumba chote kikasikia. "Mimi salamu tu zinachukua kumi."

Mwezi wa kwanza aliwauliza watoto arobaini na watatu, na wote arobaini na watatu walisema hapana. Hawanywi, hawajawahi, harufu yake hawaijui. Rafiki zao je? Rafiki hawana. Nahodha wa timu ya mpira ya shule, kijana mwenye wachezaji kumi na mmoja uwanjani na wengine saba benchi, alimwangalia Redio usoni bila kupepesa akasema hana rafiki hata mmoja duniani. Redio alimwonea huruma, akamwandikia vitamini.

Mwisho wa mwezi akapeleka fomu zake kwa Daktari Mpya akitembea kwa mikogo. "Mtaa wangu ni wa malaika," alisema.

Daktari Mpya akazitazama, akazitazama tena. Kisha akatoa fomu za chumba namba moja. Nesi wa huko alikuwa kaka mmoja mkimya ambaye humsikii sauti mpaka umkanyage mguu. Watoto wake walikuwa thelathini na tisa, wa mtaa ule ule, wa shule zile zile, na kumi na mmoja walikuwa wamekubali kwamba wanakunywa.

"Basi yeye amepata walevi, mimi nimepata wazuri," Redio alisema. "Bahati hiyo."

Ni mtu wa maabara aliyempa ukweli wake, saa nne wakati wa chai, bila hata kuuweka kikombe chini. "Dada yangu, usikasirike. Mtoto gani mwenye akili zake atakwenda kumwambia Redio?"

Alikasirika. Alimaliza asubuhi ile bila kumsemesha yule mtu wa maabara, na kwa mtu kama Redio hiyo ni adhabu ya kifungo cha miaka miwili. Halafu akaingia stoo, akakaa juu ya boksi la pamba, akalia. Iliuma sana, na iliuma kwa sababu ilikuwa kweli. Kulikuwa na watoto huko nje wanaoanguka barabarani na kutapika nyuma ya madarasa, na walikuwa wamekaa mbele yake mmoja mmoja, arobaini na watatu, na wote walikuwa wamemwogopa yeye kuliko pombe.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, akaingia binti wa msusi.

Hapa inabidi nikueleze kuhusu msusi. Alikuwa shoga yake Redio tangu wote wawili wakiwa wasichana wamepanga vyumba vya ukuta mmoja, miaka thelathini iliyopita. Sasa alikuwa mjane mwenye saluni ya chumba kimoja, nyuma tu ya kituo cha afya, yenye viti viwili na kabati refu la dawa za nywele. Kila Jumamosi mchana Redio alikuwa anakaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya shoga yake, anasukwa, na pale ndipo habari za mtaa zilipopangwa, kupimwa na kutiwa chumvi kabla hazijatoka. Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya shule. Siku anazaliwa aliyemshika wa kwanza ni Redio. Naye binti alimwita mama mdogo.

Alikuja akichechemea, kifundo cha mguu kimevimba, kiwiko kimechubuka, na mama yake nyuma.

"Ameteleza bafuni," msusi alisema haraka, binti hata hajakaa.

Redio akakinyanyua kile kiwiko, akatoa chembe nyeusi kwa kibano, akaishika kwenye mwanga. "Bafu lenu mmeweka lami?"

Binti akakivuta kiwiko. Redio akavuta pumzi. "Shoga, nenda kakae nje."

"Mimi?"

"Wewe. Fomu inasema mzazi atoke."

"Mimi mzazi? Mimi mwenzako?"

"Fomu haina mwenzako, fomu ina mzazi. Toka."

Msusi akatoka akisonya, akaenda kukaa kwenye benchi, mwisho kabisa, pale chini ya dirisha. Redio alimwona kisogo. Akasimama, akafunga dirisha ambalo lilikuwa halijafungwa tangu kituo kipakwe rangi, akafungua bomba la sinki maji yatiririke, kisha akasogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya mtoto. Alipofungua mdomo na kusikia sauti yake ikiwa chini vile, alishtuka mwenyewe.

"Rafiki zako wanakunywa pombe?"

Binti akamtazama, akaangalia bomba, akaanza kucheka. Si kicheko cha dharau. Alicheka kwa kuwa alishindwa kujizuia. "Mama mdogo, kweli? Mimi nikwambie wewe? Si ulimtangaza mwalimu wangu wa hesabu kabla mwenyewe hajajua?"

Zamani Redio angemtandika maneno. Adabu yako iko wapi, mimi ndiye niliyekupokea ulipotoka tumboni, na mengine ya namna hiyo. Yalikuwa tayari ulimini. Akayameza, na yalikwenda chini kwa shida.

"Ni kweli," alisema. "Nilimtangaza. Nilifanya vibaya, na yule mwalimu mpaka leo hanisalimii." Akaweka kalamu mezani. "Utakayosema hapa yanabaki hapa. Nikiona yanahatarisha uhai wako, nitakwenda kwa anayeweza kusaidia, lakini nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mtu mwingine. Mama yako akiwa nje, mama yako ni mtu mwingine."

Binti akawaza. Redio alimwacha awaze, na hizo sekunde zilimtoa jasho.

"Nitakupa moja ndogo," hatimaye binti alisema. "Ikimfikia mama, nitajua imetoka wapi. Isipomfikia, nitarudi na nyingine."

"Kwani ziko ngapi?"

"Mama mdogo."

"Haya, haya. Lete hiyo ndogo."

Ndogo yenyewe ilikuwa hivi. Rafiki wanakunywa, na yeye anakunywa nao Jumamosi baada ya mechi, nyuma ya uwanja, vile vichupa vidogo vya pombe kali vinavyoingia mfukoni. Juzi alipanda pikipiki ya kaka wa mmoja wao, na kaka mwenyewe alikuwa amekunywa kuliko wote. Kwenye kona wakaanguka.

Hii ndiyo ndogo? Redio akatamani kumkamata yule mtoto amkumbatie, halafu amchape, halafu amkumbatie tena. Badala yake akashika kalamu kwa nguvu. "Unataka nini wewe mwaka huu?" aliuliza.

"Nichaguliwe timu ya wilaya."

"Wanachagua lini?"

"Wiki ijayo."

Wote wawili wakautazama mguu. Redio alijua mguu ule hautaruka kabla ya wiki tatu, na binti akalisoma hilo usoni kwake.

"Kwa hiyo pombe imekula nini mpaka sasa?" Redio aliuliza polepole.

"Mguu," binti alisema, akajifuta pua kwa mkono wa sare. "Na timu."

Hakumwongezea neno. Wakakubaliana mambo mawili, ingawa Daktari Mpya alisema moja: binti hatapanda chombo cha mtu aliyekunywa, hata kama itabidi atembee, na atajaribu Jumamosi mbili bila kichupa. Atarudi Alhamisi ya wiki mbili zijazo, baada ya shule, kuangaliwa mguu. Dakika zilikuwa kumi na saba. Redio akafunga bomba.

Msusi aliingia mlango ukiwa haujafunguka vizuri. "Amesema nini?"

"Mguu haujavunjika."

"Nimekuuliza amesema nini."

"Aweke barafu, apumzike, asikanyagie."

Msusi akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Sasa nikusimulie mateso ya wiki zile mbili, maana mateso yalikuwa makubwa. Siri ilikaa tumboni mwa Redio ikawa inazunguka. Sokoni muuza nyanya alimwuliza, "Habari za kituoni?" akajibu, "Nzuri." "Nzuri tu?" "Nzuri tu." Muuza nyanya akajishika kifua, akauliza nani amefariki. Nyumbani alikula chakula cha jioni kimya. Mume wake, fundi friji, mtu aliyemwoa Redio makusudi ili asihitaji kuongea tena maishani, aliweka kijiko chini akauliza, "Unaumwa?" Hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu mwezi uliopita. Akainuka akamletea dawa ya tumbo.

Jumamosi ikafika, na Jumamosi ni siku ya kusukwa.

Alifikiria kusingizia kichwa kinauma. Lakini asipokwenda ndipo shoga angejua kuna jambo, kwa hiyo akaenda, akakaa kwenye kigoda, akaingiza kichwa chake mwenyewe katikati ya magoti ya adui. Msusi alimsuka upande wa kushoto wote akiongea mambo ya hali ya hewa. Wateja wengine wakamalizika, wakatoka. Mlango ukarudishwa.

"Haya," msusi alisema. "Hapa hakuna fomu."

"Mguu unaendeleaje?"

"Usinichezee. Mtoto alisema nini mle ndani?"

"Shoga, sina la kukwambia."

Chanuo likapita kichwani kama linachimba mafuta. Msusi akabadilisha mbinu. Akamwambia habari ya mwenye nyumba wa kona na mpangaji wake wa juu, habari nzito, mbichi, ambayo hakuna mtu mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Redio akaisikiliza yote, akauliza maswali matatu ya nyongeza, akashukuru, na hakurudisha kitu. Katika biashara yao ya miaka thelathini ulaji wa namna hiyo haukuwahi kutokea.

Msusi akaukaza mstari aliokuwa anauanza mpaka nyusi za Redio zikapanda. "Kuhusu mimi alisema nini?"

"Wewe? Kwani wewe una nini?"

"Sina kitu!" Mkono ukavuta. "Nauliza tu."

"Hakukutaja. Aaah, shoga, unaniua!"

"Na nikuue! Miaka thelathini! Nimekuona ukimwaga siri za watu wazima wenye ndevu zao, penye kuku wengi, bila hata kuombwa. Leo za mwanangu, niliyemzaa kwa uchungu wangu mimi, ndizo unazifanyia kaburi? Unajiona nani? Umekuwa daktari?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Redio, mengine ya nywele na mengine ya moyo. Alitaka kusema. Mungu shahidi, alitaka kusema kila kitu, amkumbatie mwenzake walie pamoja kuhusu pikipiki na lami. Lakini akimwambia, yule mtoto hatarudi, na hilo lingine, lile kubwa ambalo halijasemwa, litabaki naye peke yake.

"Sisemi," alijibu. "Ninyoe ukitaka. Sisemi."

"Toka," msusi alisema, akaachia nywele.

"Upande mmoja bado."

"Toka!"

Basi Redio akatoka hivyo hivyo. Kushoto mistari imelala kwa adabu, kulia nywele zimesimama zinasalimia watu. Alipita mtaa mzima, mchana kweupe, na aliulizwa mara sita kimempata nini, na mara zote sita alisema, "Haraka ya kazi." Mume wake alimtazama, akafikiri sana, akajitolea kumalizia mwenyewe. Alipomwona anakwenda kuchukua koleo kwenye boksi la vifaa, Redio alimwambia asante mume wangu, basi. Jumatatu akaenda kazini na kilemba.

Wiki ile ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Msusi alitangaza kwamba Redio amepata maringo, kwamba fomu mbili zimempanda kichwani. Redio alikuwa anayasikia na kunyamaza. Alimkumbuka shoga yake kiasi kwamba kila akipita nyuma ya kituo alikuwa anatembea polepole, labda ataitwa. Hakuitwa.

Alhamisi ikafika. Saa tisa benchi lilikuwa na watu watatu, hakuna binti. Saa tisa na nusu akampiga mwanamume mmoja sindano bila kumsimulia lolote, na mwanamume akasikia maumivu yote. Saa kumi benchi likabaki tupu. Redio akajiambia, haya, umepoteza shoga na mtoto pia umempoteza, umebaki mikono mitupu. Saa kumi na dakika ishirini mlango ukasukumwa. Binti aliingia peke yake na begi la shule, akafunga dirisha mwenyewe, akafungua bomba mwenyewe, akakaa.

"Mama hajui," alisema.

"Najua hajui."

"Amekutukana wiki nzima. Sijawahi kumwona anamtukana mtu kwa sababu hajasema." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Pikipiki sijapanda. Jumamosi ya kwanza sikunywa. Ya pili nilikunywa."

"Kichupa kimoja au viwili?"

"Kimoja. Lakini hiyo siyo yenyewe, mama mdogo." Alikuwa anaangalia maji yanavyozama sinkini. "Mimi nakunywa asubuhi pia. Kabla ya shule. Siku nyingi sasa. Sinunui, ipo hapo hapo."

"Hapo wapi?"

"Saluni. Kabati la juu, nyuma, kuna dumu la dawa ya nywele. Halina dawa ya nywele. Ni la mama. Nikipunguza naongeza maji, na yeye anaona linapungua ladha, na hawezi kuniuliza, kwa sababu akiniuliza na mimi nitamwuliza."

Redio alikaa na kalamu mkononi. Alikuwa anajua mimba za mtaa ule na madeni yake na nani analala wapi, na kila Jumamosi kwa miaka aliyoshindwa kuihesabu alikuwa amekaa chini ya kabati lile, ananusa zile dawa zote, anacheka. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na alitamani asingeipata. Aliona aibu. Alimwonea huruma shoga yake, na ndipo akaelewa kwamba ule mkono uliokuwa unavuta nywele haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu.

"Mwanangu," alisema, "la asubuhi haliwezi kuishia kwangu. Si la dakika tano. Nataka umwone Daktari Mpya, leo, yuko chumba cha mwisho. Nakwambia wewe kwanza, kama nilivyosema."

"Atamwambia mama?"

"Mtakubaliana naye kwanza nini kisemwe na nani akiseme. Yule ana kifua, hata mimi nimeshindwa kumchimba."

Binti akacheka akiwa analia. Redio akamsindikiza kwenye korido, mkono begani, na kwenye mlango wa Daktari Mpya mtoto akasimama. "Yale maswali yako ni ya watoto tu?"

"Yale ni ya watoto. Wakubwa wana ya kwao."

"Basi nenda kamwulize mama. Usiseme nimekutuma. Mwulize tu, kama ulivyoniuliza mimi."

Siku iliyofuata, Ijumaa, Redio alitoka kazini na sare yake, akazunguka nyuma ya kituo, akaingia saluni. Msusi alikuwa peke yake anafagia nywele. Alipomwona akafagia kwa nguvu zaidi, kuelekea miguuni kwake.

"Tumefunga," alisema.

"Sikuja kusukwa." Redio akarudisha mlango. Sauti yake ilikuwa chini, ile ya chumba namba tatu bomba likiwa wazi. "Nimekaa kwenye kigoda hiki miaka thelathini na sijawahi kukuuliza kitu hata kimoja chenye maana. Leo nauliza. Unakunywa pombe? Kwa wiki, siku ngapi?"

Fagio likasimama. "Nani kakwambia?"

"Nauliza watu. Ndiyo kazi yangu siku hizi."

"Nani kakwambia, wewe nesi mchovu, wewe kichwa nusu?" Msusi alipiga kelele mpaka chupa kabatini zikatingishika. Alimwita majina yote mabaya anayoyajua, na alikuwa anajua mengi, mengine walikuwa wameyatunga pamoja. Akamwonyesha mlango. Redio hakutoka, na hakujibu. Yeye aliyekuwa hawezi kunyamaza maji yakichemka, alisimama pale katikati ya vinywele sakafuni, akanyamaza, dakika moja, ya pili, mpaka matusi yakamwishia mwenzake na pumzi ikabaki.

Msusi akakaa kwenye kiti cha wateja. Alijitazama kwenye kioo, akaacha.

"Nilikuvuta nywele mpaka ukatoa machozi," alisema, "na la mtoto wangu hukulisema."

"Sikulisema."

"Hata kwangu mimi mama yake."

"Hata kwako."

"Na langu?"

"Vilevile."

Nje kuna mtu aligonga, akauliza kama wanasuka leo. Alipochoka kusubiri, akaenda zake. Msusi akainua macho taratibu mpaka kwenye rafu ya juu ya kabati.

"Siku saba," alisema. "Wiki ingekuwa na nane, ningekwambia nane."